Kikohozi cha Itifaki

Nchi inayosimuliwa hapa si hii yenu, msianze kutazamana. Hii yenu ina vyoo, na wakubwa wake wanaviingia kama watu wengine. Hiyo nyingine iko mbele, ukishaipita hii unaendelea tu, na huko Mtukufu Rais alikuwa haendi chooni.

Hakuamua mwenyewe, maskini. Alianza mtangazaji wa redio, siku ya sherehe, maneno yakamnogea, akasema Mtukufu hali, halali, wala haja ndogo haimbandui kitini akiwa na kazi ya wananchi. Mtangazaji akapewa nyumba. Watu wa elimu kuona vile, wakalitia neno hilo kwenye kitabu cha darasa la tatu, likaulizwa kwenye mtihani, na mtoto aliyejibu vibaya akarudia darasa. Sasa jambo likishaingia kwenye mtihani, nani atalifuta? Mtukufu mwenyewe alilisoma akalipenda. Mlango wa choo chake ukabandikwa kibao cha shaba, CHUMBA CHA TAFAKARI, na kuanzia hapo alikuwa anatafakari kila siku kama kawaida ya mwili wake, na akila maharage alikuwa anatafakari kwa kina.

Ikafuata sheria ndogo, kama zinavyofuata: yeyote aliye katika msafara wa Mtukufu asitafakari kabla yake. Atangulie kiongozi, wengine baadaye.

Aliyeilinda sheria hiyo ni Mkuu wa Itifaki, Bwana Masudi Kitunzi, mtu mrefu, mwembamba, mwenye shingo ya kuchungulia. Aliyeshika kazi hiyo kabla yake alifuatana na Mtukufu kwenda kutazama maporomoko ya maji. Ukikaa mchana kutwa mbele ya maji yanayomwagika, nawe ni binadamu, utafanyaje? Akajipenyeza kichakani. Kesho yake akahamishwa, akalinde mnara wa taa za meli katika mkoa usio na bahari. Yuko huko na mkewe, anawasha na kuzima. Kitunzi aliuota mnara ule mara nyingi, na kila akiuota alijikuta yeye ndiye anayepanda ngazi.

Basi mwaka huo wakafunga safari ya Asia, nchi ya mashariki kabisa, kutia sahihi mkataba wa daraja. Lilikuwa daraja refu kupita yote waliyowahi kuyasikia. Lingejengwa kwanza, halafu utafutwe mto wa kulipitia chini.

Walichukua Kibanda cha Tafakari. Mtukufu hakuwa akisafiri bila kibanda hicho, chenye mapazia ya mahameli na kiti chake katikati, kinabebwa na askari wanne. Kufika uwanja wa ndege, mtu wa forodha akakizunguka, akainua pazia, akauliza kitu.

"Anasemaje?" Kitunzi alimuuliza mfasiri.

Mfasiri alikuwa Chande, kijana mwenye miwani. Mke wa Mtukufu ni shangazi yake, na usomi wake wote ulikuwa hapo. Lugha ya wenyeji alijua kusalimia na kushukuru. Yaliyobaki aliyajaza kutoka kichwani mwake, na alikuwa na kichwa kikubwa.

"Anauliza hiki ni cha nini," Chande alisema. Hilo hata ng'ombe angelielewa.

Hapo ndipo Kitunzi alipotokwa na jasho la kwanza. Kukitaja kazi yake ni uhaini, ni kukiri kumbe Mtukufu anakwenda chooni. Asipokitaja hakipiti. "Mwambie ni cha kufikiria," alisema.

Chande akasema maneno marefu. Mtu wa forodha akasikiliza mpaka mwisho, akainama kwa adabu, akakifungia kibanda ghalani.

*

Mchana wakakaribishwa chai. Huko kwao mgeni mstaarabu anamaliza kikombe, akibakisha amemtukana mwenye nyumba. Huko ugenini kikombe kikiwa kitupu ndiyo mgeni anaomba kingine. Basi wao wanamaliza, wenyeji wanamimina. Wanamaliza, wanamiminiwa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumkosea mwenzake, na birika lilikuwa kubwa. Mtukufu alikunywa kwa niaba ya taifa. Jenerali Mwinyikombo wa Usalama akanywa, Waziri wa Habari akanywa, Kitunzi akanywa huku tumbo linampigia hesabu.

Kisha wakapandishwa treni ile ya kukimbia kama imeiba. Kulikuwa na choo mle, mlango wake ulikuwa usoni pa waandishi wa habari wa kwao, kamera zimewashwa. Mtukufu alikaa wima, anapungia mkono mashamba ya mpunga. Kitunzi aliyemjua aliona kidole gumba cha mguu kinavyopanda na kushuka ndani ya kiatu.

Treni ilipofika mji mkuu, Mtukufu aliinama kwenye sikio la Kitunzi. Sauti ilikuwa ya upole. Akiwa mpole ndipo watu wanapohamishwa.

"Masudi, mwanangu. Nataka kutafakari."

"Ndiyo, Mtukufu. Tukifika ukumbini..."

"Sasa hivi."

Kitunzi alitazama stesheni. Watu kama siafu, maduka, ngazi zinazopanda zenyewe, na kule pembeni alama ya kijitu cha buluu. Choo cha watu wote. Waandishi wakaambiwa Mtukufu anakwenda kukagua mitambo, wasubiri. Mwenyeji wao, bwana wa suti nyeusi aliyekuwa anainama kila akiangaliwa, alitaka kuwaongoza. Kitunzi akamzuia kwa mikono miwili. Mgeni asijue. Bwana yule akainama, akabaki kwenye nguzo.

Wakashika ukumbi mrefu mweupe, wanatembea kwa hatua ndogo ndogo, magoti yamegusana, kama bibi harusi anayepelekwa kwao mume. Upande wa wanaume watu walipanga foleni, na Mtukufu kupanga foleni nyuma ya mtu mwenye mfuko wa mboga lilikuwa jambo la kupindua serikali. Lakini mwisho kabisa, peke yake, kulikuwa na chumba kikubwa chenye mlango mpana. Hakukuwa na foleni.

"Kile," Kitunzi alisema, akamshukuru Mungu mapema.

Huko kwao, na huenda mnaijua desturi hii, mlango wa choo hausukumwi hivi hivi. Unasimama kando, unakohoa. Akiwemo mtu, naye anakohoa. Kukiwa kimya, unaingia. Komeo la nini, na watu wana makoo? Kwa Mtukufu jambo hilo limepewa cheo: Mkuu wa Itifaki ndiye anayekohoa, mara moja, kwa heshima, Mtukufu ndipo anapoingia.

Kitunzi akasogea mlangoni. Akajiweka sawa, akakohoa.

Ndani ikajibu sauti ya mwanamke. Laini, ndefu, ina wimbo ndani yake.

Kitunzi akarudi nyuma kama aliyemwona mama mkwe.

"Kuna mtu, Mtukufu. Mwanamke."

"Basi atoke," Mtukufu alisema.

Wakasubiri. Hakutoka. Nyinyi mliosafiri mmekwishajua kwamba mle hamna mtu, ni mlango wenyewe unaosema ukisogelewa. Lakini hawa hawakuwa nyinyi. Milango ya kwao hata kufunga ilikuwa tabu, itawezaje kusema?

Kitunzi akakohoa tena, kikohozi cha pili, ambacho kwa itifaki maana yake ni fanya haraka. Sauti ikajibu vile vile, haikupungua upole wala haikuongeza haraka.

"Mfasiri," Mtukufu aliita. "Anasema nini huyu?"

Macho yote yakamgeukia Chande. Chande akasafisha miwani. Neno moja la kukiri hajui, na mnara wa pili ungejengwa. "Anasema yeye naye ni mtu mkubwa," alisema polepole. "Anasema anatafakari."

Neno hilo lilikuwa la Mtukufu peke yake, lilitungiwa sheria.

"Nani kamfundisha?" Jenerali Mwinyikombo aliuliza. Mkono ulikuwa kiunoni kwenye bastola, lakini aliutoa haraka, maana kiuno hakikutaka kuguswa.

"Huu ni mtego," Waziri wa Habari alisema. Alikuwa amesimama mguu mmoja juu ya mwingine. "Wamemweka mtu makusudi. Wametunywesha, wametupandisha treni, wametuziba. Wanataka tutie sahihi tukiwa hatusomi."

"Mlisoma lini?" Mtukufu alimuuliza, na Waziri akatazama sakafu.

Akaja mzee mmoja wa nchi ile, na mkongojo wake. Akaona wanaume wenye suti na magwanda wamesimama mbele ya mlango, nyuso zimekauka. Akadhani ni foleni. Akasimama nyuma yao kidogo, akaona haiendi, akainama, akaondoka. Walimtazama mpaka akapotea. Hakuna aliyewahi kumwonea mtu wivu namna ile.

"Masudi," Mtukufu alisema. Safari hii meno yalikuwa yamefungwa. "Msomee vyeo."

Kitunzi akavisoma. Mwangamizi wa Njaa, Baba wa Mvua, Kamanda wa Nchi Kavu na Maji Yatakayopatikana. Kila alipotua kuvuta pumzi, sauti ya mle ndani ilijibu kwa adabu zote, na Chande akafasiri: "Anasema amefurahi kuvisikia." Kitunzi alifika katikati ya vyeo akahisi haja yake mwenyewe imefika pabaya. Alikuwa amesimama kazini, hajisikilizi. Alipojisikiliza kidogo tu, mwili wote ukageuka kuwa kibofu kilichovaa tai. Akasahau cheo kinachofuata.

"Endelea."

"Mtukufu, vimekwisha."

"Vyeo vyangu vimekwisha?"

"Sauti, Mtukufu. Sauti ndiyo imekwisha."

Mtukufu alimshika bega. Kwa mbali ungedhani ni mapenzi. Alikuwa amemshika ili yeye mwenyewe asianguke. "Ingia," alisema. "Mtoe. Ukishindwa, nasikia kule mnarani wanahitaji mtu wa pili. Yule wa kwanza macho yamechoka."

*

Kitunzi akainua mkono kusukuma, kiganja kikatua kwenye kitufe cha ukutani, mlango ukajifungua wenyewe kwa pembeni. Akaingia amefumba macho, maana ni mwanamke. "Niwie radhi, mama," alisema. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Akafumbua macho. Taa ikawaka. Kifuniko cha choo kikainuka chenyewe, taratibu, kama askari anayepiga saluti. Hapakuwa na mtu. Akatazama nyuma ya mlango, akainua kifuniko cha ndoo ya taka, akachungulia. Hapakuwa na mtu, na choo kilikuwa cheupe, kisafi, kimemfungulia yeye, Masudi Kitunzi, kikitoa joto kidogo.

Alifungua mdomo aseme hamna mtu, Mtukufu, karibu. Hilo ndilo neno alilolipwa mshahara kulisema. Likafika kwenye ulimi, likakaa hapo.

"Masudi?" Mtukufu aliita kutoka nje. "Yupo?"

Miguu ya Kitunzi ilikuwa imekwisha kusogea. Mkono ulikuwa kwenye mkanda. Alijitazama kama anayemtazama mwizi wa mtu mwingine.

"Yupo, Mtukufu," alisema. "Ni mkaidi. Ninazungumza naye."

Akakaa. Kiti kilikuwa na joto, akatetemeka. Mara ndege wakaanza kulia ukutani na maji kutiririka, choo cha huko kinampigia mtu muziki asisikike. Kitunzi akajiachia, machozi yakamtoka, na huku anapaza sauti kama yuko bungeni.

"Mama, tunakuomba. Sisi ni watu wa amani. Tuna daraja letu. Tuna ukumbi unatusubiri."

Choo kikamjibu.

"Anasema nini?" ilisikika sauti ya Mtukufu. Ilikuwa nyembamba.

"Anasema anafikiria," Chande alisema.

"Mwambie asifikirie. Mwambie... Masudi, hayo maji ni ya nini?"

"Ananawa, Mtukufu. Yuko njiani kutoka." Kitunzi alitaka kuinuka, ila haikuwa imekwisha. Chai ile haikuwa ya kawaida. Akajihimiza, akabonyeza kitufe cha kwanza alichokiona, maji yakaruka kutoka chini yakamlenga bila kukosea, akapiga yowe.

"Anampiga," Jenerali alisema nje.

Kisha hakusema mtu. Kitunzi akapandisha suruali, akafunga mkanda, anasikiliza. Mguno haukusikika. Kikohozi hakikusikika. Ukimya ulikuwa wa watu waliosimama mbele ya gari lililoanguka.

Akabonyeza kitufe, mlango ukafunguka.

Wote walikuwa wanatazama dari. Jenerali, Waziri, Chande, askari wanne waliokosa kibanda cha kubeba, wote shingo juu, kama wanaotazama kupatwa kwa jua. Mtukufu alisimama katikati yao, mkono kifuani, uso umelegea kama wa mtoto aliyelala. Suruali yake ya kijivu ilikuwa na rangi mbili, na ile ya pili ilikuwa inashuka kwenye kiatu.

Mtu wa kwanza kupata akili alikuwa Waziri wa Habari. Alishusha macho kutoka darini, akayapitisha juu ya mabega ya Mtukufu asione chini.

"Wananchi," alisema, ingawa hapakuwa na mwananchi. "Leo, kwa mara ya kwanza katika historia, Mtukufu ametafakari akiwa amesimama, mbele ya watu, bila kificho. Ni Tafakari ya Wazi. Serikali nyingine zinajificha."

Jenerali akapiga makofi. Wengine wakapiga.

"Kiongozi akitangulia, tunafuata," Waziri aliendelea, sauti inatetemeka kwa dhiki na matumaini. "Au ninakosea, Mtukufu?"

Mtukufu aliwatazama mmoja mmoja, wakiwa wakavu. Hakupenda walivyokuwa wakavu. "Fuateni," alisema.

Basi wakafuata. Tangu msafara uondoke nyumbani haikutolewa amri iliyotiiwa kwa mapenzi kama hiyo. Jenerali mwenye nishani alifumba macho akatabasamu. Waziri akasema, "Asante, Mtukufu," na ilikuwa ya kweli, kweli pekee aliyowahi kuisema. Askari walisimama mguu sawa, na sakafu ya wenyeji, safi kama sahani, ikapokea.

Kitunzi akajipanga mwisho wa mstari. Akabana tumbo, akasukuma. Akafikiria maporomoko ya maji, akafikiria birika la chai. Hakikutoka hata kitone. Alikuwa mtupu kama ngoma.

"Kagua," Mtukufu alimwambia Jenerali.

Jenerali akaanza mwanzo wa mstari. Aligusa paja la kila mtu kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto. Akigusa, anaitikia kwa kichwa, anasogea. Kitunzi akasukuma mpaka masikio yakalia. Alisema moyoni, tone moja tu, Mola wangu, la kuonyesha.

Kiganja kikatua kwenye paja lake. Kikageuzwa. Kikapapasa upande wa pili.

"Mkavu," Jenerali alisema.

"Nilikuwa kazini, Mtukufu," Kitunzi alisema. "Nilikuwa ninajadiliana."

"Na huyo mwanamke yuko wapi?"

Wote wakatazama chumba kilichokuwa wazi, cheupe, kitupu. Kwa kuwa walisogea kutazama, mlango ukaongea tena, sauti ile ile, upole ule ule.

"Chande," Mtukufu alisema. "Anasema nini?"

Chande alikuwa amelowa mpaka soksi, na hofu ilikuwa imemwishia pamoja na chai. Akatazama choo, akamtazama Kitunzi alivyonyooka, damu imemrudia mashavuni. Akasema kitu cha kwanza kilichomjia.

"Anasema mtu huyu ameshakaa hapa. Anasema alistarehe sana."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu forodha yeye kusema jambo la kweli.

Mtukufu hakukasirika. Alimsogelea Kitunzi, akamvua mwenyewe mshipi wa cheo wenye rangi za bendera, akaukunja vizuri. "Masudi, mwanangu," alisema, "kule mnarani wanakaa watu wetu. Wewe si mtu wetu tena. Baki."

Wakaondoka kwa mstari, viatu vinalia chwa, chwa. Bwana wa suti nyeusi aliyekuwa kwenye nguzo aliwaona wanakuja. Aliwatazama wote, juu mpaka chini, na uso wake haukubadilika. Akainama. Kisha akageuka kando, akapiga simu kwa haraka.

*

Kitunzi alikaa kwenye benchi la stesheni. Hakuwa na cheo, hakuwa na paspoti, ilikuwa kwenye mkoba wa Jenerali. Mkewe alimjia akilini, atakavyoambiwa atoe vyombo nje ya nyumba ya serikali. Mbele yake watu waliingia chooni na kutoka, kila mtu kwa wakati wake, mtoto kabla ya babu, mwanafunzi kabla ya mkubwa wa kazi, na hakuna aliyekamatwa. Aliwatazama kwa muda mrefu kama anayetazama mchezo asiojua sheria zake.

Juu ya ukuta kulikuwa na televisheni kubwa. Ikaonyesha ukumbi, meza ndefu, bendera mbili. Kitunzi akasimama.

Ujumbe wa kwao uliingia, suruali zimekauka nusu, zina ramani. Upande wa pili wakaingia wenyeji: waziri wao mkuu mwenye mvi, mawaziri, makatibu. Na hawa wote, kuanzia kiunoni kwenda chini, walikuwa wamelowa chapachapa. Waliambiwa kwa simu kwamba hiyo ndiyo heshima ya wageni, na watu wale hawamwachi mgeni aheshimike peke yake. Mtumishi alipita nyuma yao na jagi la maji, anamwongezea aliyeanza kukauka.

Mtukufu akatia sahihi. Wimbo wa taifa ukapigwa.

Kitunzi akatazama dunia nzima iliyolowa pale ukutani, kisha akatazama suruali yake, kavu, imenyooka mkunjo. Hakuna aliyemwona. Hakuna aliyemwagiza. Jenerali alikuwa upande wa pili wa mji. Alikwenda mpaka kwenye bomba la kunawia, akatanguliza mikono, maji yakaja yenyewe bila kuombwa. Akajimwagia kiganja baada ya kiganja, mbele na nyuma, mpaka yakaingia viatuni.

Kisha akarudi chini ya televisheni, akasimama mguu sawa na mkono kifuani, na mwanamke aliyekuwa amekaa karibu akabeba mfuko wake wa mboga, akahamia benchi la mbali.